Fundi kaandika milioni 3.6 kwa IST ya 2004, nitengeneze au niachane nayo?

Swali: "Habari fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Raskazone hapa Tanga na nafundisha Muheza, kila siku ya kazi naenda na kurudi. Nina Toyota IST ya 2004, nilinunua 2015 ikiwa namba C, sasa inasoma km 218,000. Mwezi wa nne tulienda msibani Lushoto, tukiwa kwenye kona za kupandisha Soni ikachemsha. Tukaweka maji ya mtoni, ikachemsha tena, ikabidi ifungwe kamba ivutwe kurudi Mombo. Pale ikapoa, tukaongeza maji tukarudi nayo Tanga taratibu huku tunasimama simama. Tangu siku hiyo inakula maji, na nikiweka D inachelewa kushika, kama sekunde mbili hivi ndo inaruka. Fundi wangu kasema injini imekufa, kaniandikia: injini used na kufunga 2,000,000, hedi gasketi 150,000, taimingi beliti 120,000, wota pampu 90,000, gia boksi used 800,000, shokapu nne 480,000. Jumla 3,640,000. Mume wangu anasema gari ikifika hapo ni ya kuuza, kuna mtu anatoa milioni 4 kama ilivyo, tuchukue mkopo wa Saccos milioni 10 tuongezee tununue nyingine namba D ya milioni 14. Nitakatwa 360,000 kwa miezi 36. Mimi roho inasita maana hii gari haijawahi kunisumbua. Naomba unishauri kwa ukweli."

Dada yangu mwalimu, kwanza poleni na msiba, na pole kwa hiyo safari maana kuchemsha kwenye kona za Soni na abiria ndani si jambo dogo. Swali lako nimelisoma mara tatu kwa sababu umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja na gari yenyewe, na kwenye maelezo yako majibu mengi yamo humo humo. Nikikuelewa vizuri, unachoogopa si ile milioni tatu na nusu, unachoogopa ni kuitoa alafu baada ya miezi miwili gari ikakulaza tena barabarani na shemeji akakwambia si nilisema. Na yeye anaogopa kitu hicho hicho kwa upande wake. Wote mko sawa kuogopa. Ila mnataka kuamua mapema mno, kwa sababu mpaka sasa hakuna mtu aliyepima hiyo gari, kuna mtu kaisikiliza tu akaandika karatasi.

Tuanze na hiyo karatasi. Fundi kaandika injini nzima, na chini yake kaandika hedi gasketi. Ukinunua injini used kutoka Japani inakuja na hedi yake (kile kifuniko cha juu ya injini) na gasketi yake (inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini) imefungwa, sasa hiyo 150,000 ni ya injini ipi? Alafu kaandika taimingi beliti. IST ya 2004 iwe ni ile ya cc 1300 au ya cc 1500 ina injini ya NZ, 2NZ au 1NZ, na hizo injini hazina taimingi beliti kabisa, zinatumia cheni. Beliti utaikuta kwenye Corolla 110 zenye 5A, au RAV4 zile za mwanzo zenye 3S, si kwenye gari yako. Simsemi vibaya fundi wako, inawezekana aliandika kwa mazoea, lakini mtu anayeandika taimingi beliti kwenye IST hajafungua hiyo injini.

Kubwa zaidi ni kile ambacho hakimo. Rejeta haimo. Mfuniko wa rejeta haumo, feni haimo, themostati haimo. Gari imechemsha, na kwenye vitu vyote alivyoandika ni wota pampu peke yake inayohusika na kupooza injini. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Mwaka 2011 nilimfungia mteja wa Pangani injini kwenye RAV4 iliyochemsha, injini nzuri tu, nikairudishia rejeta yake ya zamani kwa sababu ilikuwa haivuji na yeye hela ilikuwa imemwishia. Haikufika miezi miwili ile injini nayo ikachemsha, ikafa, kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba ndani zaidi ya nusu na sikuipima. Nilimlipa kwa awamu karibu mwaka mzima. Toka siku hiyo sifungi injini bila kujua ya kwanza ilikufa kwa nini.

Sasa nikueleze kilichotokea Soni, maana ukielewa hapo utaelewa na uamuzi. Maji ndani ya rejeta hayakai wazi kama kwenye sufuria, yamefungiwa kwa presha. Ule mfuniko wa rejeta ukiuangalia juu mara nyingi utaona imeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha unayoishikilia kabla haujaachia. Kwa presha ya 1.1 maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachemka karibu na 120. Mpira wa mfuniko ukizeeka presha inatoka, na maji yanarudi kuchemka kama ya sufuria. Na kule juu hata ya sufuria yanawahi, Lushoto ipo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na maji yaliyo wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndo maana gari inaweza kutembea Tanga na Muheza mwaka mzima bila tatizo, barabara karibu tambarare, upepo unaingia kwenye rejeta, alafu ukaipandisha mlima na watu watano na AC na gia ndogo ikashindwa siku hiyo hiyo. Mlima wa Soni ulionyesha ubovu uliokuwepo siku nyingi.

Na ubovu wenyewe kwa magari ya hapa kwetu nina uhakika mkubwa chanzo chake ni maji. Watu tunajaza rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya huku pwani maji yake yana chumvi, ukiyaonja tu unajua. Ile chumvi na chokaa inaganda kwenye vimirija vya rejeta kama inavyoganda chini ya birika, na kwa upande mwingine inakula aluminiamu. Kulanti, ile inayotakiwa iwekwe kwenye rejeta badala ya maji matupu, sio maji ya rangi kama wengi wanavyodhani, ina dawa ya kuzuia kutu na inaongeza kiwango cha kuchemka, ila na wewe ukiuziwa dumu la lita tano kwa bei inayokaribia ya maji ya kunywa ujue hayo ndo maji ya rangi kweli.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nikuulize, themostati ipo au ilitolewa? Magari mengi yanayoingia kwangu hayana. Fundi akisikia gari inachemsha kitu cha kwanza anachomoa themostati, anasema nchi yetu ya joto haihitajiki, na mteja anafurahi maana gari kweli inapoa siku mbili tatu. Sasa themostati ya hizi NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo. Ukiitoa, kwenye barabara wazi injini inakaa baridi muda wote, kompyuta inaona injini haijapata moto inaendelea kumwaga mafuta mengi, mafuta yanaosha oili kwenye silinda, ringi (zile pete zinazobana kati ya pistoni na silinda) zinalika. Na ule ubovu wa kweli uliokuwa unachemsha gari umefichwa tu. Kama ya kwako haipo irudishwe, usikubali ubishi kwenye hili.

Turudi kwenye injini yako. Hedi ya NZ ni aluminiamu, na bloku, yaani mwili wa injini, nayo ni aluminiamu iliyowekwa laini nyembamba za chuma ndani. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi inapinda, na mlivyomwagia maji ya mtoni ya baridi ikiwa bado ina moto mkali ndo mkaisaidia kupinda, sikulaumu, kila mtu akiwa njiani anafanya hivyo. Kiwango ambacho Toyota wanaruhusu sura ya hedi kupinda kwenye injini hizi ni milimita 0.05, hiyo ni chini ya unene wa unywele. Ikizidi hapo gasketi haibani, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, maji yanasukumwa nje, unaongeza, yanasukumwa tena. Hiyo ndo "inakula maji" unayoisema. Lakini kupinda hedi si kufa kwa injini. Hedi inavuliwa, inapelekwa mashineni inasawazishwa, inapimwa ufa kwa presha, inarudi na gasketi mpya na bolti mpya. Hiyo ni kazi ya kawaida tu.

Kinachoweza kuifanya injini iwe imekufa kweli ni kama joto lilifika kwenye ringi za pistoni. Ringi ikipikwa inapoteza ule mkazo wake, na hapo injini inaanza kula oili na kukosa nguvu. Na kwa sababu zile laini za chuma ni nyembamba hizi injini hazikukusudiwa kuchongwa saizi kama tulivyokuwa tunafanya kwenye injini za zamani, kwa hiyo mtu akikwambia atakufanyia ovaholi ya kuchonga silinda kwenye NZ mwambie asante ondoka. Ikifika kwenye ringi, kwa mtu wa kawaida jibu ni injini used.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Kwa kupima, na kipimo hakizidi saa moja. Fundi anatoa plagi zote nne anapima kompresheni, yaani mbano wa hewa, silinda moja moja. Zikiwa silinda mbili zinazopakana ndo ziko chini na nyingine nzuri, karibu hakika ni gasketi imepasuka katikati yao. Zikiwa zote nne ziko chini anatia kijiko cha oili kwenye silinda anapima tena, kompresheni ikipanda ujue ni ringi, isipopanda tatizo ni valvu au gasketi. Kuna na kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, injini inawashwa, moshi wa silinda ukiwa unapenya kwenye maji kile kimiminika kinageuka njano. Hapo hakuna cha kubishana. Mwambie fundi wako akufanyie hivyo vitu viwili mbele yako na akuandikie namba. Akikataa au akikwambia yeye anajua kwa kusikiliza, tafuta mwingine, hapa mjini wapo.

Gia boksi sasa. Hapa ndo nilipopata moyo na gari yako, kwa sababu unasema imeanza siku hiyo hiyo. Kwenye gari ya auto kama hii oili ya gia inapoozwa ndani ya rejeta, kuna kipozeo kidogo kimefichwa humo chini, kwa hiyo maji yakichemka oili ya gia nayo inapikwa. Hiyo moja. Ya pili ni ile kamba. Gari ya auto inayovutwa na magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa pampu ya oili ya gia boksi haizunguki kabisa, lakini magurudumu yanaizungusha gia boksi kwa ndani, vyuma vinasagana bila oili. Kutoka Soni mpaka Mombo ni mteremko mrefu. Gari ya namna hiyo inatakiwa ibebwe, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, na tukiacha gia boksi, kuteremsha ile barabara kwa kamba huku breki hazina msaada wa injini na usukani mzito ni hatari kubwa sana, nashukuru Mungu mlifika.

Kwa hiyo gia boksi inaweza kuwa imeumia, siwezi kukuficha. Lakini kabla ya kuitoa laki nane chomoa ile stiki ya oili ya gia. Oili ikiwa chini ya alama, kuchelewa kushika ni kawaida na kunapona. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua lakini haina unga wa chuma kwenye sampo (lile bakuli la oili chini ya gia boksi), ibadilishwe pamoja na filta yake, mara mbili ikibidi, kwa oili ya auto inayotakiwa na gari hiyo na sio ya CVT wala ile inayouzwa kwenye dumu lisilo na jina. Kuna watu wanaamini ukibadilisha oili ya gia boksi iliyozeeka gari inakufa. Inayokufa ni ile iliyokuwa imeshakufa, klachi zake zimeisha na zile takataka ndo zilikuwa zinazisaidia kushika. Ya kwako ilikuwa nzima mpaka siku ya Soni. Na oili ikiwa imechanganyika na maji, ina rangi ya maziwa ya pinki, ujue kile kipozeo ndani ya rejeta kimetoboka, usiiwashe tena hiyo gari, hapo kweli gia boksi nyingine inahitajika na rejeta pamoja.

Tuseme vipimo vinaonyesha ni hedi tu, na gia boksi inakubali oili. Kwa bei ninazofanyia kazi mimi hapa Tanga, kuvua hedi, mashine, gasketi na bolti na ufundi ni kama laki tano. Rejeta mpya, mfuniko, themostati na kulanti ya kweli kama laki tatu. Wota pampu hiyo 90,000 ni sawa, iwekwe. Oili ya gia na filta laki moja na themanini. Shokapu acha 480,000 kama alivyoandika, ingawa hizo zinaweza kusubiri mwezi mmoja miwili kama matairi hayajaanza kulika vibaya. Jumla 1,550,000. Vipimo vikitoka vibaya ukahitaji injini na gia boksi utakuwa kwenye ile milioni tatu na nusu kweli, pengine na zaidi kidogo kwa sababu ya rejeta, na usisahau namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, ukibadili injini taarifa ipelekwe TRA la sivyo utasumbuka siku ya kuuza.

Sasa hesabu ya shemeji. Mkopo ni 360,000 mara 36, hiyo ni 12,960,000, kwa hiyo milioni 10 inakugharimu karibu milioni tatu ya riba, na juu yake umeitoa gari yako kwa milioni 4. Ukichukua matengenezo ya 1,550,000 ukagawanya kwa yale makato, ni sawa na makato ya miezi minne na siku kadhaa. Hata ile karatasi mbaya ya 3,640,000 ni makato ya miezi kumi. Yaani swali la kujiuliza ni hili, je baada ya kutengenezwa hii gari itanisukuma miezi mitano, au kumi, bila jambo jingine kubwa? Kuna ule usemi kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari uza. Siupendi, kwa sababu unalinganisha matengenezo na bei ambayo mnunuzi anakupa, wakati wewe hununui gari yako, unanunua usafiri wa kwenda Muheza. Linganisha na gharama ya kupata usafiri mwingine wa uhakika ule ule.

Na hiyo namba D ya milioni 14 iangalieni vizuri. Herufi za namba zinaonyesha gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania, hazisemi ilitengenezwa lini. IST za mwili huo wa kwako zilianza 2002 zikaacha kutengenezwa 2007. Kwa hiyo mkinunua IST ya mwili ule ule namba D mnaweza kuwa mmepata gari iliyo mpya kuliko ya kwenu kwa miaka mitatu tu, au hata ya mwaka ule ule, na historia yake hamuijui. Ya kwako unaijua, tena kwa miaka yote hiyo. Kilomita za kwenye dashi zinarudishwa nyuma kirahisi mno, mimi naangalia mpira wa pedeli ya breki na ngozi ya usukani kuliko namba. Kama mtabadilisha basi iwe ni kupanda kweli, mwili mpya zaidi, na fundi wako aiweke juu kabla hujatoa hata shilingi. Kuagiza Japani nako hesabu yake uifanye kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, maana ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei ikiwa imeshaongezewa huo ushuru, na gari iliyozidi umri inaongezewa ya uchakavu.

Hapa mpaka sasa inaonekana nakutetea wewe dhidi ya shemeji, lakini kuna jambo moja linaloweza kumpa yeye haki moja kwa moja, nalo ni mahali unapoishi. Raskazone. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, chumvi inaganda kwenye chuma na ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma chako kinabaki na unyevu hata siku ya jua, na maji ya chumvi yanapitisha umeme ule mdogo unaofanya kutu itembee haraka mara nyingi zaidi kuliko gari ya Korogwe au ya Dodoma. Tena kutu ya pwani inaanzia ndani, kwenye uwazi wa bodi chini ya milango, chini ya kapeti, pale shokapu za mbele zinapoegemea. Rangi ya nje inang'aa huku ndani pameshakuwa karatasi.

Injini inanunulika. Gia boksi inanunulika. Bodi iliyooza huwezi kuinunua, utaziba kwa puti na rangi na itaonekana nzuri, lakini siku ya ajali hiyo bodi ndo iliyotakiwa ikukinge. Kwa hiyo kabla hata ya kompresheni, na hili ningelifanya leo, gari ipandishwe kwenye shimo au jeki nzuri na stendi, fundi achukue bisibisi agonge na kuchokonoa hizi sehemu: ule uti wa chini ya milango pande zote mbili, mahali pa kuwekea jeki, zile kofia za shokapu ukifungua boneti, na ile fremu ya chini inayobeba injini. Kapeti la miguuni linyanyuliwe. Kutu ya juu juu ya kahawia inayokwanguka na chini chuma kinalia, hiyo inasafishwa inapigwa dawa. Bisibisi ikizama, au chuma kinatoka kwa matabaka kama chapati za kusukuma, kwenye kofia ya shokapu au kwenye fremu, dada yangu pokea hiyo milioni 4 na usiweke hata wota pampu. Wala usimfiche anayenunua, mwambie, wapo wanaonunua kwa ajili ya spea.

Jambo jingine linalompa haki shemeji ni umri wenyewe. Kwenye 218,000 hata ukitengeneza haya yote, mbele kuna boli jointi, bushi, pampu ya mafuta, jenereta, AC. Haviji vyote pamoja lakini vinakuja. Mimi wateja wangu wa magari ya umri huu nawaambia waweke laki moja kila mwezi pembeni kwa jina la gari, mwezi usiotumika inabaki. Kama huwezi kuweka hiyo laki basi gari ya zamani haikufai, na lile la makato ya 360,000 kwa mwezi ndo kabisa. Na kama unarudi usiku peke yako mara kwa mara barabara ya Muheza, hiyo nayo ina uzito wake ambao mimi siwezi kuuweka kwenye hesabu, ongeeni wenyewe nyumbani.

Ushauri wangu kwa ukweli kama ulivyoomba: bodi ikiwa nzima na kompresheni ikionyesha tatizo ni gasketi, tengeneza, tena anzia kwenye rejeta. Alafu ile hamu ya kubadilisha gari isife, weka 200,000 kila mwezi hapo hapo Saccos, miezi 24 ni 4,800,000, ukiuza gari inayotembea vizuri badala ya inayochemsha utapata zaidi ya milioni 4, na mkopo utakaouhitaji utakuwa mdogo. Bodi ikiwa nzima lakini ringi zimekwisha na gia boksi nayo imekwisha, hapo ni karibu nusu kwa nusu, mimi ningefunga injini na gia boksi kama unampata muuzaji anayekupa walau wiki mbili za majaribio kwa maandishi, la sivyo uza. Bodi ikiwa imeoza, uza, hata kama injini inalia kama mpya.

Kwa sasa usiendeshe kwenda Muheza. Najua shule haisubiri lakini kila siku unayoongeza maji ukaenda nayo unazidi kuipinda ile hedi, na ikifika siku maji yameisha kabisa hata taa ya joto inaweza isiwake kwa wakati, maana ile sensa inapima maji, na yasipokuwepo inapima hewa. Chomoa stiki ya oili ya injini leo jioni, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa usiiwashe tena hata kuisogeza uani. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, nimeona nyuso zilizoungua. Na ikipelekwa gereji iende kwa kubebwa, isivutwe kwa kamba tena, hata kama ni hapa hapa Chumbageni.

Ipelekwe asubuhi ikiwa imepoa usiku kucha, kwa sababu maji kwenye rejeta tunataka kuyaona kabla injini haijawashwa, na ile dakika ya kwanza ya kuwasha ndo mapovu yanaonekana vizuri.